Kasisi wa Jeshi la Akiba: Mtumishi wa Makundi Mawili

Kasisi wa jeshi la akiba ni kiongozi wa dini mwenye cheo cha uofisa ambaye siku nyingi za mwaka huishi uraiani, akihudumu kanisani, msikitini, sinagogini au hospitalini. Neno kasisi hapa linabeba zaidi ya maana yake ya kawaida, kwani linawahusu pia rabi na imamu. Nchini Marekani ukasisi wa jeshini unakaribiana kwa umri na jeshi lenyewe: tarehe 29 Julai 1775, wiki chache tu baada ya jeshi kuundwa, Bunge la Makoloni lilipanga mshahara wa kasisi kuwa dola 20 kwa mwezi, sawa na wa kapteni.

Anayeitaka kazi hii hupita milango miwili. Dhehebu lake humdhamini kwa maandishi, na likiondoa udhamini huo hawezi kuendelea. Jeshi nalo hudai shahada ya kwanza, masomo ya juu ya dini, na mafunzo ya Fort Jackson, South Carolina. Cheo anacho, lakini mamlaka ya kuamuru vikosi hana, wala habebi silaha. Hulindwa na msaidizi wake, askari mwenye bunduki, na pia na Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, ambao kwa mujibu wake kasisi akikamatwa hahesabiwi kuwa mateka wa vita.

Wajibu wa kawaida wa askari wa akiba ni mwisho wa juma mmoja kwa mwezi na wiki mbili hivi za mazoezi kwa mwaka. Fundi au mwalimu huutoa muda wake wa mapumziko. Mchungaji huitoa Jumapili, siku yenyewe ya kazi yake. Mimbari huachiwa mzee wa kanisa au mhubiri mgeni, na ndoa na ubatizo hupangwa kwa kutazama kalenda ya kikosi. Usharika unaokubali hali hiyo nao unalitumikia jeshi, ingawa hakuna anayeuhesabu.

Ugumu mkubwa zaidi ni uchache wa siku. Kasisi wa jeshi la kudumu hukutana na askari wake kila asubuhi. Huyu wa akiba ana siku mbili tu za kuaminiwa na watu watakaotawanyika tena Jumapili jioni. Ndiyo maana kasisi hodari hakai ofisini. Huzunguka karakana, husimama kwenye foleni ya chakula, hukaa kando ya dereva. Anayemkwepa kambini huenda akampigia simu Jumatano usiku, ndoa inapovunjika au anapofikiria kujiua. Hapo thamani ya usiri huonekana. Daktari wa jeshi anaweza kulazimika kumjulisha kamanda. Lakini lile ambalo askari amemwambia kasisi kama kiongozi wa dini hubaki siri mpaka askari mwenyewe aruhusu.

Kasisi haongozi ibada isiyo ya imani yake, lakini ni lazima amtafutie kila askari nafasi ya kuabudu. Meli ya askari iitwayo Dorchester ilipozamishwa karibu na Greenland tarehe 3 Februari 1943, makasisi wanne, mmoja Mkatoliki, mmoja rabi na wawili Waprotestanti, waliwapa askari maboya yao wenyewe bila kuuliza dini zao, nao wakazama. Kabla ya vita walikuwa viongozi wa dini wa mitaani.

Kikosi kinaporudi kutoka vitani, askari wa kudumu hurejea kambini pamoja na wenzao. Wa akiba hurudi mjini kwake, mahali ambapo pengine hakuna mwingine aliyeona alichokiona. Tangu mwaka 2008 sheria imeweka mikutano ya kuwasaidia wanaorejea pamoja na familia zao, na makasisi wana nafasi kubwa humo. Kasisi huja akiwa mshauri, lakini pia akiwa mmoja wa waliorudi, na Jumapili inayofuata husimama tena mbele ya usharika uliozoea sauti ya mtu mwingine.