Manyoya ya kuku: takataka ya soko, kazi ya vijana

Vijana wenzetu, bandugu na badada wa Lubumbashi,

Tusianze na mambo ya mbali. Muende nyuma ya soko saa ya jioni, pale banamama wanachinja kuku. Manyoya yanajaa mu mitaro. Mvua ikinyesha, maji hayapiti, yanaingia mu manyumba. Wengine wanayachoma, na ile harufu sisi wote tunaijua. Banamama wanalipa kodi ya soko kila siku, lakini pubeli hata moja hakuna.

Sisi tunaosema hapa tulisoma biolojia na kilimo. Diploma tuko nazo, kazi hakuna. Njo maana tulijiuliza: hii takataka ni takataka kweli?

Unyoya karibu wote ni protini inayoitwa keratini, inayofanana na ile ya kucha na nywele zetu. Ni ngumu juu nyuzi zake zimefungwa pamoja na salfa. Inakawia kuoza, na tumbo la kuku au nguruwe linaishindwa. Lakini kuna bakteria wanaoiweza. Kule Marekani, kwenye chuo kikuu cha North Carolina State, timu ya Profesa Jason Shih ilimpata mmoja mu pipa la kuozesha mavi ya kuku, ikamtangaza mwaka wa 1990. Anaitwa Bacillus licheniformis. Anapenda joto la digri 50, na anatoa enzimu inayokata keratini. Kinachobaki ni kama supu ya protini. Ukiisha kuichemsha na kuikausha, unaongeza kwa chakula cha mifugo, lakini si peke yake: lisini na methionini ni kidogo, lazima kuchanganya na vyakula vingine. Ao unatia mu shamba kama mbolea, juu iko na azoti mingi.

Jamaa za bakteria huyu wako mu udongo, hata hapa kwetu. Basi tulijaribu: ndoo moja, maji, manyoya, udongo wa nyuma ya banda la kuku. Kisha wiki mbili, manyoya karibu mazima, harufu tu, na majirani wakatufukuza na ndoo yetu. Hatukuwa na chombo cha kushika joto, wala labo ya kutenga bakteria wazuri na wale wa ugonjwa. Tulienda kuomba labo; wakatuambia tulete kwanza barua ya mukubwa fulani.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Moja: mapipa ya manyoya kwenye kila soko, yatoke kwa ile kodi. Mbili: labo za umma zifunguliwe kwa vijana wenye diploma, hata siku moja kwa juma. Sisi tunaahidi kukusanya, kuandika kila jaribio, liwe zuri ao baya, na kuonyesha hesabu mbele ya banamama wa soko.

Hatuombi msaada wa bure. Tunadai nafasi ya kufanya kazi tuliyosomea.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tuonane kwenye mtaro. Kila mutu na kiroba chake.