Kuchagua Mji wa Kuzeekea: Tuliyojifunza Kutoka Pwani ya Uhispania

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya walimu, wauguzi na wafanyakazi wengine wanaokaribia kustaafu, katika ukumbi wa parokia.)



Ndugu wapendwa, tulipoalikwa kuzungumza juu ya kustaafu, bila shaka wengi wenu mlitegemea tuanze na ng'ombe wa maziwa na vyumba vya kupangisha. Hayo mtayasikia mchana kwa mwenzetu wa ushirika. Sisi asubuhi hii tutawapeleka mbali kidogo, mpaka pwani ya kusini ya Uhispania. Msicheke. Mambo haya yalitupata katika familia yetu wenyewe, na yametufundisha kuliko semina nyingi.

Dada yetu mkubwa alikwenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi. Akaolewa na kijana wa kwetu, mhasibu, wakapata watoto, na baadaye paspoti za huko. Mwaka 2024 dada alitimiza miaka 60. Akatupigia simu: "Jamani, mgongo umechoka. Sitaki kuacha kazi kabisa, lakini zamu za usiku na baridi hii siziwezi tena. Mimi na shemeji yenu tunataka kuuza nyumba, tununue ndogo kando ya bahari kule Uhispania. Tufanye kazi kidogo, tupumzike kidogo."

Tulikaa kikao. Wengine walikasirika: kwani nyumbani kuna nini asichokitaka? Lakini dada alikuwa na sababu zake. Wajukuu wako Uingereza, na kutoka Málaga ni safari ya ndege ya saa tatu hivi. Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kwa mstaafu anayeishi Uhispania, lakini kwa anayeishi Kenya haiongezwi. Kiasi anachoanza nacho ndicho atakachopokea hata akifika miaka tisini. Basi tukanyamaza. Mama yetu, ambaye amepita miaka themanini, aliuliza swali moja tu: "Na huko atazikwa na nani?" Hakuna aliyemjibu. Swali hili tutalirudia.

Walivyokuwa wakichagua

Walikuwa na majina matatu: Nerja, Salobreña na Torre del Mar. Na walikuwa wakichagua namna gani? Kwa picha. Maji ya buluu, nyumba nyeupe, maua ukutani. Sisi kazi yetu ni kutembelea wazee na wagonjwa majumbani, na kazi hii imetufundisha kwamba mzee haishi ndani ya picha. Anaishi kati ya kitanda, choo, duka, kanisa na daktari. Kwa hiyo tukawaambia: nendeni mara mbili, Agosti na Januari, na kila mji muuangalie kama mtu wa miaka themanini mwenye goti bovu, aliyefiwa na mwenzake. Tukawapa maswali matano.

Swali la kwanza: ngazi ni ngapi?

Nerja uko kama kilomita 50 mashariki ya Málaga. Unasifika kwa uwanja uitwao Balcón de Europa, uliojengwa juu ya mwamba unaotazama bahari. Ni pazuri kweli. Lakini ufuo wenyewe uko chini, na kurudi ni kupanda. Salobreña ni zaidi. Mji wa kale umeparamia kilima mpaka kwenye ngome ya enzi za utawala wa Waislamu. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Lamu, ila Lamu haina mlima ule. Dada alihesabu ngazi za nyumba waliyoonyeshwa, akafika themanini na kitu, akaacha kuhesabu. Akatuambia: "Nilijiona nimebeba mtungi wa gesi." Torre del Mar hauna picha ya kutundika ukutani. Una magorofa ya kawaida tu. Lakini ni tambarare, una njia ndefu ya kutembea kando ya bahari, na lifti nyingi.

Swali la pili: ukianguka usiku, unapelekwa wapi?

Hospitali ya umma ya eneo lile, iitwayo Axarquía, iko kati ya Torre del Mar na mji wa Vélez-Málaga. Kutoka Nerja ni zaidi ya kilomita 20, na kutoka Salobreña unakwenda Motril, mji wa jirani. Hizo si mbali, na barabara ni nzuri. Swali kubwa ni nani atalipa. Mstaafu anayepokea pensheni ya serikali ya Uingereza hutibiwa katika hospitali za umma za Uhispania, na Uingereza ndiyo inayogharamia. Lakini watu wa umri wa dada watapokea pensheni hiyo wakifika miaka 67. Tangu 60 mpaka 67 angehitaji bima ya kibinafsi, na ninyi mnajua bima inavyomtazama mtu mwenye presha na mgongo mbovu. Miaka saba! Hapo ndipo shemeji alipotoa kikokotoo.

Swali la tatu: sheria inakuruhusu kukaa na kufanya kazi?

Zamani Mwingereza alikuwa akihamia Uhispania kama mtu anayehama kutoka Nakuru kwenda Kisumu. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, yeye ni mgeni kama wageni wengine. Bila kibali anaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180. Akitaka kuhamia na kuishi kwa akiba au pensheni, kuna viza ya watu wasiofanya kazi. Kwa kipimo kilichowekwa mwaka 2023, mwombaji aonyeshe mapato ya euro 2,400 kwa mwezi, na mwenzi wake aongezewe euro 600. Jumla 3,000. Na viza ile inakataza kazi. Sasa ile "kazi kidogo" ya dada imekwenda wapi?

Iko viza nyingine, iliyoanza mwaka 2023, ya watu wanaofanya kazi kwa kompyuta na waajiri au wateja walio nje ya Uhispania. Shemeji angeweza kuandika vitabu vya hesabu vya wateja wake wa Uingereza kwa njia hiyo. Lakini muuguzi hafungi kidonda kwa kompyuta. Ile viza ya kununua nyumba ya euro 500,000, ambayo rafiki zao waliisifu sana, ilifutwa Aprili 2025. Tena anayekaa Uhispania zaidi ya siku 183 kwa mwaka huhesabiwa kuwa mkazi, na kodi ya mapato yake hudaiwa huko. Kustaafu nusu si jambo la kuamua kwa moyo tu. Lina makaratasi.

Swali la nne: hati iko wapi?

Hili Mkenya hahitaji kufundishwa. Dada alidhani mambo ya ploti hewa yako kwetu tu. Lakini mashambani nyuma ya pwani ile, nyumba nyingi zilijengwa bila kibali halali, zikauziwa wazee wa kigeni. Mwaka 2008, huko Vera katika mkoa wa Almería, nyumba ya wastaafu wawili Waingereza ilibomolewa, kwa sababu serikali ya jimbo ilisema kibali kilichotolewa na mji hakikuwa halali. Wazee walikuwa wamelipa pesa zao zote, na kosa halikuwa lao. Kabla ya kutia sahihi, chukua nakala ya msajili wa ardhi uone mwenye nyumba ni nani na kama kuna deni. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe yule aliyeletwa na muuzaji. Na kumbuka kwamba katika jimbo lile la Andalusia, anayenunua nyumba iliyokwisha kukaliwa hulipa kodi ya asilimia 7 juu ya bei.

Swali la tano: wenyeji wanaishije?

Hili ndilo swali wachaguzi wa miji wanalolisahau. Kwa bahati walikwenda Januari. Agosti waliona mikahawa imejaa na barabara hazipitiki. Januari magorofa mengi yalikuwa yamefunga madirisha, na ndani ya nyumba mlikuwa na baridi kuliko nje, kwa maana sakafu ni vigae na nyumba nyingi hazikujengewa mitambo ya joto. Waliobaki ni wenyeji. Ndipo dada alipoanza kuwasikiliza.

Waliongea juu ya maji. Milima ile ya Axarquía imejaa miparachichi na miembe inayomwagiliwa, na bwawa lao la La Viñuela lilishuka chini ya asilimia 10 mwanzoni mwa 2024, watu wakapunguziwa maji, mpaka mvua za Machi 2025 zikalinyanyua tena. Waliongea juu ya kodi za nyumba. Juni 2024 maelfu waliandamana Málaga, kwa kuwa nyumba zimegeuzwa za watalii na kijana anayefanya kazi hotelini hapati chumba. Dada alituuliza kwa simu, sauti imeshuka: "Je, mimi nikinunua gorofa na kulifunga miezi tisa, si nimemnyang'anya mtu?" Ndugu zangu, hilo ni swali la Mkristu. Hatukumwambia asinunue. Tulimwambia nyumba iwe ya kukaliwa na mtu, si kabati la kuweka jua.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la huko ni lugha. Wako wageni waliokaa miaka mingi bila kujua Kihispania zaidi ya salamu, na siku ya ugonjwa wanatafuta mkalimani wa kumwambia daktari panapouma. Jembe la pili ni kujiandikisha kwa manispaa kuwa mkazi, kwa kuwa pesa ambazo mji unapewa na serikali zinategemea idadi ya walioandikishwa. Na jembe la tatu ni Jumapili. Dada alikwenda Misa, hakuelewa mahubiri, lakini Misa ni Misa. Baadaye mama mmoja mzee akamshika mkono na kumwonyesha sanamu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, mwombezi wa wavuvi. Tarehe 16 Julai katika miji ile humpakia mashuani, wakaandamana naye baharini. Akamwonyesha kwa vidole: kumi na sita, Julai, njoo. Dada alituambia kwamba ndiyo mara ya kwanza alihisi kuna mtu atakayejua kama hakuja Misa.

Swali la Mama

Sasa turudi kwa Mama. Dada alimuuliza yule mama wa kanisani juu ya mazishi. Huko mtu huzikwa upesi, mara nyingi siku moja au mbili baada ya kufa, na wengi huwekwa katika vijumba vilivyojengwa ukutani, kimoja juu ya kingine. Mara nyingi nafasi ile ni ya kukodi kwa miaka kadhaa. Siku mbili! Sisi kwa siku mbili hatujamaliza hata kikao cha kwanza cha matanga. Na sisi wenye paspoti ya Kenya tunahitaji viza kuingia Uhispania. Tungefika kaburi limekwisha kufungwa.

Dada hakulia. Alisema tu: "Basi lazima niandike." Akakaa na mumewe wakaandika wanataka kuzikwa wapi, nani atalipa, na nani apigiwe simu kwanza. Nakala moja iko kwa mtoto wao wa kwanza, nyingine iko kwetu, katika bahasha ndani ya Biblia ya Mama. Mama aliposomewa, alisema, "Sasa aende anakotaka."

Waliloamua

Hawakuuza nyumba. Hawakununua. Tangu Novemba hadi Januari, ndani ya zile siku 90, wanapanga gorofa ndogo Torre del Mar, karibu na kanisa, yenye lifti. Miezi mingine dada anafanya zamu chache za mchana Uingereza, na mwezi mmoja kila mwaka anakuja kwa Mama. Wakifika miaka 67, pensheni na matibabu vikiwa tayari, ndipo watakapoamua kama watahamia. Wakati huo Kihispania kitakuwa kimekomaa, au kitakuwa kimewashinda, na jibu watakuwa nalo.

Nasi je? Wengi wetu hapa tumekwisha kujenga au kununua ploti ya kuzeekea, kijijini au mjini. Tulichagua kwa sababu ni ya baba, au kwa sababu ina mandhari, au kwa sababu ilikuwa rahisi. Wachache tulimfikiria yule mjane wa miaka themanini atakayebaki ndani yake peke yake. Yawezekana mjane huyo ni wewe. Mtembeleeni leo, kabla hamjamwaga msingi.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo

1. Mahali ulipopanga kuzeekea, ukianguka saa nane za usiku nani atakusikia? Ataitia gari wapi?

2. Je, mwenzi wako na watoto wanajua hati ziko wapi na unataka kuzikwa wapi? Imeandikwa, au imesemwa tu?

3. Katika jumuiya yetu kuna wazee waliohamia kutoka mbali. Ni nani anayejua kama hawakuja Misa?