Waliofungiwa Nyumbani Pasipo Amani

(Hotuba kwa wanachama, Changamwe)



Nawaomba masikio kwa jambo ambalo sote twalikwepa. Mwaka 2020, Korona ilipoingia, Serikali iliweka kafyu tangu tarehe 27 Machi, saa 1 jioni hata saa 11 alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hapana kutoka wala kuingia, mpaka Julai. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 2021.

Kila mmoja wetu aliumia. Lakini wako wenzetu, wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake, waliopata shida juu ya shida. Kazi za hoteli na baa zilikwisha. Aliyeshindwa na kodi Kisauni au Likoni alirudi kwa wazee, penye maswali ya ndoa na matusi kila siku. Rafiki wa kumtuliza hafikiki. Akipigwa, ashtaki wapi? Vifungu 162 na 165 vya sheria ya jinai vyamtisha kwa jela, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Basi hunyamaza. Usingizi humpaa, chakula hakipiti, mwisho hutamani kufa. Huo ni ugonjwa, si ukaidi.

Ndugu, chama hakiulizi mtu ampenda nani. Chauliza kama amelipwa na kama yu mzima. Katika reli, aliyekesha kwa mawazo ni hatari kwake na kwetu. Mwenzako akibadilika, msikilize, siri yake isitoke kinywani mwako, umsindikize kwa daktari. Tusingoje milango ifungwe tena.