Sahani ya Jirani Hairudi Tupu
Maneno ya mwalimu wa dini kwa Wakristo na waalimu wa pwani, katika siku za jubili



Nimeambiwa niseme neno juu ya kuishi Ukristo wetu nyumbani na kati ya jirani. Mimi si padre, wala si mtu wa elimu kubwa. Ni mwalimu wa dini, tena mkulima wa mikorosho kama wengi wenu. Basi nitasema niyajuayo, na moja katika hayo ni kosa langu mwenyewe.

Dayosisi yetu ya Masasi ilianza mwaka 1926, na Askofu wake wa kwanza alikuwa William Vincent Lucas. Nasi twafanya jubili ya miaka 100. Neno hili jubili twalitamka sana siku hizi, twalichapa katika vitenge, twalipigia na ngoma. Walakini tukifungua kitabu cha Walawi, sura ya 25, twaona ya kuwa jubili ya Waisraeli ilikuwa na kazi kubwa kuliko karamu. Mwaka wa hamsini baragumu ilipigwa, na shamba lililouzwa kwa shida likamrudia mwenyewe, na mtu aliyejiuza kwa ajili ya umaskini akaenda zake huru kwa jamaa zake. Maana Mungu alijua ya kuwa deni lisilo na kikomo humfikisha mtu utumwani.

Sisi watu wa pwani hii hatuna haja ya kufundishwa utumwa ni nini. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa, hata mwaka 1873 Sultani Barghash akakubali kufunga soko la Unguja. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere alishuka Lindi pamoja na kundi la watu waliokombolewa, wakashika njia kwa miguu kwenda bara, wakakaa Masasi. Hao ndio mbegu ya Dayosisi yetu. Imani hii ilipandwa huku na watu waliokwisha kuonja kuuzwa. Basi mtoto wa watu hao akimfunga mwenzake kwa deni, amewasahau waliomzaa.

Sasa nitasema habari ya kangomba. Wote mwaijua, ingawa si wote wapendao kuisikia ikitajwa kanisani. Mwezi wa Januari hata Machi chakula kimepungua ghalani, na mahindi mapya hayajakomaa. Mwenye shida humwendea mwenye fedha, akapewa kidogo, naye huahidi korosho ambazo mti wake haujatoa hata ua. Msimu ukifika, mwenye fedha huja na chombo chake, na chombo kile mara nyingi tumbo lake ni kubwa kuliko kilo. Serikali imeikataza biashara hii, na tangu mwaka 2007 umekuwapo mpango wa stakabadhi ghalani, ili korosho ziuzwe kwa mnada kupitia vyama vya msingi. Walakini njaa haisomi tangazo.

Mwezi wa Februari mwaka 2018 jirani yangu, mama mjane, Mwislamu, alikuja kwangu jioni. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, naye hakuwa na fedha ya kumpeleka hospitali. Nalimpa shilingi 40,000, tukapatana anilipe kilo 50 za korosho. Nalijiambia moyoni, Huu ni msaada. Kama si mimi, nani angempa? Tena sikumpunja katika kupima. Nalitumia mizani halali. Hapo ndipo nilipojidanganya, maana mizani yangu ilikuwa ya haki, na mapatano yangu yalikuwa ya dhuluma.

Msimu ule kulikuwa na mgogoro wa bei, hata mwezi wa Novemba Rais John Magufuli akaamuru serikali yenyewe inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hesabu yake ni nyepesi: kilo zile 50 zilikuwa shilingi 165,000. Nalizipeleka chamani kwa jina langu, pamoja na zangu, wala hakuna aliyeniuliza. Fedha zilipofika mwaka uliofuata, nalinunua mabati. Na kila Jumapili nalisimama mbele ya watoto, nikiwafundisha amri ya nane.

Ikawa mwaka 2019, siku ya Idi baada ya Ramadhani, mtoto yule aliyekuwa mgonjwa alipiga hodi, ameshika sahani ya pilau iliyofunikwa kawa. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mama amewaletea sikukuu. Tena amesema anakushukuru, maana fedha yako ndiyo iliyonipeleka hospitali."

Nanyi mwajua desturi yetu, ya kuwa sahani ya jirani hairudi tupu. Mke wangu aliniuliza, "Tutie nini?" Nikakosa la kujibu. Nalikaa chini ya mabati yale, nikaona ya kuwa nimekula korosho zake, na sasa nala na pilau yake.

Nalikwenda kwa Padre, nikamwambia yote. Hakunihubiri. Aliniuliza tu kama nakumbuka Zakayo alifanya nini na mali yake, siku Bwana alipoingia nyumbani kwake. Basi nikarudi, nikahesabu. Ukitoa 40,000 katika 165,000, hubaki 125,000. Mkononi nalikuwa na 30,000 tu. Nalizitia katika sahani ile, nikamwendea yule mama pamoja na mke wangu, nikasema, "Mama, nalikudhulumu. Hizi ni mwanzo." Akasema, "Mwalimu, si tulipatana?" Nikamjibu, "Tulipatana wakati wewe una mtoto mgonjwa, nami nina fedha. Mapatano ya namna hiyo hayana pande mbili." Nikauza mbuzi, na zilizosalia nikalipa kidogo kidogo hata msimu uliofuata.

Msidhani ya kuwa nalisifiwa. Wengine waliniita mjinga. Wengine, tena Wakristo, walinikasirikia, kwa sababu wadeni wao walianza kuwauliza maswali. Nami sijidai, maana nalirudisha kilicho cha mwenyewe, na mtu hapewi shukrani kwa kurudisha alichokitwaa.

Basi, ndugu, nawaombeni mambo matatu. Kwanza, ukimkopesha mwenye njaa, upokee kile ulichotoa, usiongeze kitu. Pili, kila mtaa uwe na ghala yake. Wakati wa mavuno kila nyumba ilete debe moja la mahindi. Mwezi wa Februari mwenye shida, awe Mkristo au Mwislamu, akopeshwe debe, alipe debe. Tatu, nanyi waalimu, wafundisheni watoto hesabu ya kilo na bei, wajue na kusoma stakabadhi, wasije wakalipa kwa ujinga wao kama wazazi wao walivyolipa kwa njaa yao.

Askofu Lucas hakutaka imani iishie mlangoni pa kanisa. Aliiingiza hata katika jando, mahali ambapo vijana wetu walifanywa watu wazima. Siku hizi mtu mzima hupimwa pia sokoni na mizanini, na huko nako imani haina budi kuingia.

Ngoma za jubili zitanyamaza, na vitenge vitachakaa. Walakini yuko kati yetu mwenye daftari la madeni nyumbani kwake. Ndugu yangu, kabla hujalala usiku huu, ulifungue, usome majina yaliyomo moja moja, ukijiuliza ni nani kati yao aliyekuja kwako kwa njaa au kwa ugonjwa. Ukimwona, usingoje akuletee sahani.

Mungu atusaidie sote. Amina.