Taa Ndogo Zilizo Mbele ya Dereva

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo lililo dogo kwa umbo lakini kubwa kwa faida na hasara, yaani zile taa ndogo ziwakazo mbele ya dereva wa motakaa. Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi sina motakaa; taa hizo zanihusu nini?" Twamwomba asikilize mpaka mwisho, kwani ataona kwamba zamhusu abiria na mwenye mzigo kama zimhusuvyo dereva.

Kutoka mji wa Njombe mpaka Makambako ni mwendo wa kilometa 60 hivi. Huko Makambako barabara hiyo hukutana na njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita papo hapo. Kwa hiyo viazi, mahindi, mbao na maparachichi ya nchi hii aghalabu hupita njia hiyo kwenda kutafuta soko. Mkulima apakiapo magunia yake ya viazi katika lori, kazi yake ya miezi mingi imo ndani ya lori lile. Injini ikifa njiani, si mwenye lori peke yake apatae hasara.

Basi, taa hizi ni nini? Ni wajumbe. Ndani ya injini, na katika breki, na mahali pengine pa gari, vimewekwa vifaa vidogo vya kuangalia joto, msukumo wa oili, nguvu ya umeme na mambo mengine. Kimojawapo kikiona mambo hayaendi sawa, hupeleka habari mbele kwa dereva, na taa huwaka. Mjumbe huyu hana maneno. Ana rangi na picha tu. Rangi yatuambia iko haraka gani, na picha yatuambia ni sehemu gani yenye shida. Mwenye kuyashika mambo hayo mawili aweza kusoma taa za motakaa nyingi, hata iliyotoka Japani na kitabu chake kimeandikwa Kijapani, maana picha zilizo muhimu hufanana karibu katika nchi zote.

Tuanze na rangi. Taa ya kijani au ya buluu hutoa habari tu, wala si ya kutia hofu. Motakaa nyingi za Kijapani huwasha picha ya kipimajoto kwa rangi ya buluu wakati injini ingali baridi. Mji wa Njombe uko juu sana, karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa Juni na Julai baridi yake yajulikana. Taa hiyo ikikawia kuzimika wakati huo, si ugonjwa. Dereva na aende polepole kwanza mpaka injini ipate joto.

Taa ya manjano husema, "Tahadhari." Gari laweza kuendelea kwa uangalifu, lakini lipelekwe kwa fundi bila kuahirisha wiki baada ya wiki. Taa nyekundu husema, "Simama." Zipo nyekundu chache zizimikazo upesi, kama ile ya mkanda wa kujifungia kitini, au ya breki ya mkono ambayo haijashushwa. Lakini nyekundu iwakayo gari likiwa katika mwendo, wala haizimiki, yampasa dereva atafute mahali pa salama kando ya barabara asimame.

Sasa tuzitazame picha nne za nyekundu. Ya kwanza ni kopo la oili lenye tone mdomoni. Wengi hudhani taa hii hupima wingi wa oili, sivyo. Yaonya kwamba msukumo wa oili umeshuka, yaani oili haifiki inakotakiwa, na vyuma vyaanza kusuguana vikavu. Hapo injini izimwe mara moja, kwa kuwa dakika chache zatosha kuiua. Kisha, gari likiwa mahali tambarare, kijiti cha kupimia kichomolewe kitazamwe. Oili ikiwa pungufu, iongezwe. Na ikiwa taa yawaka hata baada ya kuongeza, gari livutwe, lisiendeshwe.

Ya pili ni kipimajoto kilichosimama juu ya mawimbi, kikiwa chekundu. Maana yake injini imepata joto kupita kiasi. Izimwe, iachwe ipoe, na kifuniko cha rejeta kisiguswe kabisa mpaka imepoa. Sababu yake ni hii. Katika sufuria iliyo wazi, maji ya Njombe huchemka kwa digrii 93 hivi, wala si 100 kama kule pwani, kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi. Kifuniko cha rejeta huyabana maji yasichemke upesi. Ukikifungua kingali moto, maji hayo huchemka yote kwa pamoja na kumrukia usoni aliyekifungua. Wako waliopata majeraha mabaya kwa haraka ya namna hiyo.

Ya tatu ni betri. Aghalabu si betri yenyewe iliyoharibika, bali alteneta haiizalishii umeme, au mkanda uizungushao umekatika. Katika injini nyingi mkanda huohuo huzungusha na pampu ya maji. Basi taa ya betri ikiwaka na joto likapanda pamoja nayo, dereva ajue kwamba mkanda umekwenda, asimame.

Ya nne ni duara lenye alama ya mshangao ndani yake. Hiyo ni ya breki. Kama breki ya mkono imeshushwa na taa ingali yawaka, huenda maji ya breki yamepungua, ama kwa kuvuja, ama kwa kulika kwa vipande vya breki. Katika nchi ya milima kama hii, yenye miteremko na ukungu, sina haja ya kueleza zaidi wala ninyi ya kuuliza. Gari la namna hiyo halifai kupakia mtu.

Iko pia taa ya manjano yenye picha ya injini, nayo ndiyo iletayo mashaka kuliko zote. Ikiwaka bila kupepesa, gari laweza kufika gereji kwa mwendo wa taratibu. Ikipepesa, petroli haiungui vema ndani ya injini. Dereva apunguze mwendo, na isipotulia asimame. Fundi huchomeka kifaa cha kusomea, naye hupata namba. Lakini tufahamu kwamba namba hutaja malalamiko. Haitaji kipuri cha kununua. Kwa mfano, namba P0171 husema kwamba hewa imezidi petroli. Huenda mpira wa hewa umepasuka. Huenda kipimahewa kimechafuka. Huenda pampu ya petroli imechoka. Kwa hiyo mwenye gari asikubali kununua kitu kwa kusomewa namba tu. Na aulize kwa adabu, "Bwana fundi, umepima nini hata ukajua kwamba ndicho hiki?" Fundi mwema hufurahi kuulizwa hivyo.

Wasikilizaji, kuna tendo moja baya ambalo twataka kulitaja waziwazi. Wako watu ambao, taa ikiwaudhi, huifunika kwa gundi ya karatasi, au huiondoa kabisa ili gari liuzike. Hiyo ni kumziba mjumbe kinywa; ugonjwa wabaki palepale. Njia ya kugundua hila hiyo ni rahisi. Kabla ya kuwasha injini, zungusha ufunguo mpaka umeme uwake tu. Taa za oili, betri na injini zapasa kuonekana, na injini ikisha kunguruma zizimike. Ile isiyoonekana hata kidogo imekufa au imeondolewa. Mnunuzi wa gari lililokwisha kutumika asisahau jaribio hili, kwa kuwa halina gharama, nalo laweza kumwokolea fedha nyingi.

Sasa twarudi kwenu, abiria na wenye mizigo. Dereva aonapo taa nyekundu akasimama kati ya Njombe na Makambako, mara nyingi husikia kelele nyuma yake: "Twende tu, Makambako si mbali!" "Viazi vyangu vyangojwa!" Naye, kwa aibu au kwa kuogopa tajiri wake, hutia gari moshi akaendelea. Hivyo wale wanaotaka kufika upesi ndio wanaomsukuma aharibu injini, wakalala njiani katika baridi, na pengine kuhatarisha maisha yao. Heri kuchelewa saa moja kwa kuongeza oili kuliko siku tatu kwa kutafuta injini nyingine. Dereva akisimama, mshukuruni, na ninyi wanafunzi, mkiketi karibu naye mkaona nyekundu yawaka, mwambieni kwa heshima, "Shikamoo mzee, taa ile yawaka." Hakuna utovu wa adabu katika kuokoa watu.

Wazee walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Taa hizi ndizo mawingu ya motakaa. Mwenye kuyatazama hupata nafasi ya kuanua nafaka yake kabla haijalowa.

Kwaherini, na safari zenu ziwe za salama.