Mwenye Hisa Hula Mwisho

Ndugu msikilizaji wa Lubudi, wa Fungurume na wa Kolwezi, leo maoni yetu yanaanzia mbali na shaba. Yanaanzia kwenye dhahabu ya Twangiza, kule milima ya Luhwindja katika Kivu ya Kusini, na ya Namoya katika Maniema. Migodi hiyo miwili ilikuwa ya Banro, kampuni ya Kanada ambayo hisa zake ziliuzwa Toronto na New York. Tarehe 22 Desemba 2017 Banro iliomba mahakama ya Ontario iikinge na wadai wake. Mwezi Mei 2018 ikatoka mahakamani ikiwa na wenyewe wapya, wale wale waliokuwa wakiidai, wakubwa wao wakiwa Baiyin ya China na Gramercy ya Marekani. Hisa za zamani zilifutwa bila senti ya fidia. Aliyekuwa ameweka humo akiba yake ya uzeeni alibaki na karatasi.

Watu wakisikia kwamba wanahisa wadogo wamepoteza kila kitu kwenye mgodi wa dhahabu, haraka wanadhani ni utapeli, na kisa kinachotajwa siku zote ni cha Bre-X. Kampuni hiyo, nayo ya Kanada, ilitangaza dhahabu nyingi ajabu huko Busang, Indonesia, thamani ya hisa zake ikapanda hadi mabilioni ya dola, na mwaka 1997 ikabainika kuwa sampuli za mawe zilikuwa zimetiwa dhahabu makusudi. Baada ya fedheha ile Kanada iliweka kanuni mpya mwaka 2001: hesabu ya madini yaliyo ardhini lazima isimamiwe na mtaalamu anayetambulika, naye abebe jina lake. Kanuni hizo ni nzuri, na Banro ilikuwa chini yake. Dhahabu ya Twangiza ilichimbwa kweli, ikayeyushwa kweli, ikauzwa kweli. Kinga iliyotungwa kwa sababu ya uongo wa Bre-X haikumsaidia kitu mwanahisa wa Banro, kwa kuwa yeye hakudanganywa kuhusu dhahabu. Dhahabu ilikuwepo, ila zamu yake ya kula haikufika, na hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo, kwa sababu linatuhusu sisi tunaokanyaga shaba kuliko tunavyofikiri.

Foleni hiyo ya kula ilijipanga polepole. Banro iliingia mwaka 1996 kwa kununua SOMINKI, kampuni ya zamani ya bati na dhahabu ya Kivu. Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikaipokonya, na mwaka 2002 wakapatana na serikali ya Joseph Kabila. Miaka ya kutoboa miamba na kupima mawe ilibebwa hasa na fedha za kuuza hisa, yaani fedha za mtu anayekubali kusubiri. Halafu ikaja zamu ya kujenga. Machi 2012 kampuni ilikopa dola milioni 175 kwa riba ya asilimia 10. Piga hesabu hapo ulipo: dola milioni 17.5 za riba kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, mgodi utoe usitoe. Bei ya dhahabu, iliyokuwa imepita dola 1,900 kwa aunsi mwaka 2011, ilikuwa imeshuka hadi karibu 1,060 mwishoni mwa 2015. Namoya ilitangazwa kuingia kwenye uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, bei ikiwa chini na deni likiwa juu. Mwaka uliofuata deni lilifika siku yake na halikulipika. Likapangwa upya, wadai wakapewa hati mpya na hisa juu yake, na fungu la mwanahisa wa zamani likawa jembamba zaidi. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ikawa mahakamani.

Sisi huku tunaijua likelemba. Watu kumi wanachanga kila mwezi, kila mmoja anajua atakula mwezi gani, na likelemba ikivunjika aliyekwisha kula anafuatwa hadi mlangoni kwake. Mtu wa mbali akinunua hisa za mgodi anadhani ameingia kwenye likelemba kubwa: nami nimechanga, zamu yangu itakuja. Haiko hivyo. Mbele yake yupo mkopeshaji aliyeshika mgodi kama dhamana, yupo muuza mafuta ya mashine, yupo mfanyakazi, ipo kodi. Yeye anakula kitakachobaki, na kama hakikubaki kitu, sheria haimwiti hata kumpa pole. Tena kuwa mbele kwenye karatasi hakutoshi. Wazee wa Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, wanaweza kututhibitishia hilo. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni hiyo waliondoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, wakiwa wanadai mishahara ya miezi na miezi, na malalamiko ya hesabu ile hayajaisha katika miji yetu. Ikiwa mfanyakazi, ambaye sheria inamweka mbele, alitoka vile, mwenye hisa atarajie nini?

Wapo watakaosema kilichoiua Banro ni vita. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2017 barabara za kuingia Namoya zilikuwa chini ya vitisho vya watu wenye silaha na kampuni ililazimika kuondoa wafanyakazi; Septemba 2019, wenyewe wapya wakiwa wameshika usukani, shughuli zilisimamishwa kwa sababu hiyo hiyo ya usalama. Lakini tazama nani alipigwa na nani alitoka na nini. Risasi ilisikika kwa wote, na bei ya dhahabu ilishuka kwa wote. Pigo lilikuwa moja, ila mmoja aliondoka na migodi na mwingine akaondoka mikono mitupu. Vita vinaeleza kwa nini fedha zilikosekana. Kwa nini hasara yote imwangukie mtu mmoja, hilo vita havielezi. Linaelezwa na mikataba iliyotiwa saini miaka mitano kabla, watu wakiwa wamevaa tai katika chumba chenye kiyoyozi.

Na wewe wa Lubudi utaniuliza, na una haki: mstaafu wa Toronto ananihusu nini? Yeye alicheza bahati nasibu kwa udongo wa Kongo, ameliwa, shauri lake. Ningekubali, kama tusingekuwa tumekaa kwenye kiti kile kile. Hapa Fungurume, ndani ya teritwari yetu, mgodi wa TFM una wenye hisa wawili. CMOC ya China ina asilimia 80, na Gécamines, yaani taifa, yaani wewe, ina 20. Mwanahisa mdogo wa TFM ni sisi. Nasi tulikuwa na malalamiko yetu: Gécamines ilidai kwamba hesabu ya madini yaliyo ardhini haikutajwa yote, na Julai 2022 mgodi ukazuiwa kusafirisha bidhaa zake nje. Mwezi Aprili 2023 walipatana: dola milioni 800 zilipwe kidogo kidogo hadi 2028, na gawio lisilopungua dola bilioni 1.2. Huo ulikuwa ushindi, lakini angalia silaha iliyotumika. Mwanahisa mdogo wa Lubudi alipata kwa sababu nyuma yake kuna dola lenye forodha na askari wa mpakani. Mwanahisa mdogo wa Banro alikuwa na barua pepe.

Kolwezi kwenyewe kunafundisha zaidi. Katika mgodi wa KCC, Gécamines ilikuwa na robo ya hisa, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya Katanga Mining, kampuni iliyokuwa mkononi mwa Glencore. Mgodi ulijengwa upya kwa mikopo kutoka kundi hilo hilo la mwenye hisa mkubwa, deni likafika mabilioni, na aliyekuwa na robo akawa anasubiri gawio nyuma ya riba. Aprili 2018 Gécamines ilikwenda mahakama ya biashara ya Kolwezi kuomba kampuni ivunjwe kwa sababu mtaji wake ulikuwa umeliwa na deni. Miezi miwili baadaye wakapatana: dola bilioni 5.6 za deni zikageuzwa kuwa mtaji, robo ya Gécamines ikabaki robo, na ikalipwa dola milioni 150. Hapa ndipo tofauti na Banro inapoonekana vizuri. Mkopeshaji wa kawaida anataka alipwe tu. Mkopeshaji ambaye pia ndiye mwenye hisa mkubwa anakaa pande zote mbili za meza: mgodi ukifaulu anakula riba kwanza na gawio baadaye, ukishindwa anachukua mgodi. Kisu kiko mkononi mwake, nyama nayo iko kwenye sahani yake.

Halafu kuna suala la kujua. Mchimbaji wetu, kreze, anashusha mfuko wake kwenye depo ya Musompo, mnunuzi anaelekeza mashine ya kupimia madini, Metorex, kwenye mchanga, namba inatokea, na namba hiyo ndiyo bei. Mashine ni ya mnunuzi. Kreze anaweza kunung'unika, anaweza kubeba mfuko hadi depo ya jirani, lakini hana Metorex yake. Mwanahisa mdogo naye anasoma namba kutoka mashine ya mwenzake. Novemba 2017 Katanga Mining ilitangaza kwamba hesabu zake za nyuma za uzalishaji na akiba ya shaba hazikuwa sahihi, na Desemba 2018 kampuni pamoja na baadhi ya wakurugenzi wake wakakubali mbele ya mamlaka ya masoko ya Ontario kulipa zaidi ya dola milioni 30 za Kanada. Sehemu kubwa ya fedha hizo ililipwa na kampuni yenyewe. Maana yake, yule mwanahisa mdogo aliyepewa namba mbovu alichangia kulipa faini ya kupewa namba mbovu. Hilo lingekuwa kichekesho kama si sheria.

Bila mkopeshaji hakuna mgodi, hilo nalikubali kabisa. Hakuna anayeweka mamilioni ya dola Namoya bila dhamana, na simlaumu anayetaka alipwe kwanza. Ninachokataa ni mazoea yetu ya kuhesabu asilimia. Tunaambiwa taifa lina 10, lina 20, lina 25, tunapiga makofi, hakuna anayeuliza asilimia hiyo imekaa wapi kwenye foleni. Sheria ya madini ya 2018 inaipa serikali hisa 10 kwa mia bila malipo, zisizoweza kupunguzwa, na hilo ni jema, ila hisa hizo nazo hula mwisho. Sheria hiyo hiyo ina kitu chenye nafasi bora zaidi: mrabaha. Shaba inalipa asilimia 3.5, kobalti 10, na hesabu inapigwa kwenye thamani ya madini yanayouzwa kabla hata faida haijatajwa. Kati ya mrabaha huo asilimia 25 ni za jimbo na 15 ni za mamlaka za chini ambako mgodi upo, zikiwemo zetu. Fedha hizo hazisubiri riba ya mtu. Kijiji kinachofuatilia mrabaha wake kiko mbele ya mwanahisa wa Toronto, na mara nyingine kiko mbele ya Gécamines yenyewe.

Basi tunawageukia waheshimiwa wa bunge la jimbo hapo Kolwezi. Tangu amri ya tarehe 20 Mei 2011, mikataba ya madini inatakiwa kuwekwa hadharani ndani ya siku 60. Daini kwamba mikataba ya mikopo kati ya kampuni mama na migodi yake ya Lualaba iwekwe kando yake, pamoja na kiwango cha riba na jina la mkopeshaji. Na kila robo mwaka, kiasi cha mrabaha kilichoingia Lubudi kisomwe kwenye redio hii hii, kwa faranga na kwa dola.