Darasa la Uchoraji kwa Wafanya Kazi wa Kariandusi
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa kueleza kwa nini kamati ya elimu imeleta shauri la kuomba darasa la uchoraji na ufinyanzi katika makumbusho ya Kariandusi. Twajua wako waliocheka. Wamesema mshahara hautoshi, unga umepanda bei, na kamati inaleta habari za rangi. Shauri la mshahara liko palepale, halikuondolewa. Lakini mtu hafanyi kazi ili ale na kulala tu.

Wageni huingia makumbusho yale, watoto wa shule huingia, sisi twapita nje. Na mle mna mashoka ya mawe ya mahali alipopagundua Dr. Louis Leakey mwaka 1928, mengine ya jiwe jeusi ling'aalo kama chupa. Yana miaka mamia ya maelfu. Yatazameni vizuri: pande mbili zalingana, ncha imekaa katikati. Kuchuna ngozi tu, hata kipande kibovu kingefaa. Sisi twaona aliyelichonga vile alipenda pia kulitazama, naye alikuwa mtu wa kazi za mikono.

Wengine husema sanaa ni ya waliosoma. Huko Ashington, kaskazini ya Uingereza, wachimba makaa ya mawe walianza darasa la jioni mwaka 1934, chini ya chama cha elimu ya wafanya kazi. Mwalimu wao, Robert Lyon, aliwaonyesha picha za mafundi wakuu wa zamani, lakini hazikuwaingia. Basi akawaambia wachore wenyewe. Wakachora walichokijua, yaani mgodi, mtaa wao na maisha ya nyumbani. Mwaka 1936 picha zao zilitundikwa katika jumba la sanaa la Hatton, mjini Newcastle, na kesho yake wachoraji walikuwa wachimbaji kama kawaida. Kundi lao lilidumu karibu nusu karne. Leo picha hizo zimo katika makumbusho ya Woodhorn, ambako zamani palikuwa mgodi.

Kenya nayo haikulala. Ezekiel Mphahlele alianzisha Chemchemi mwaka 1963, na Elimo Njau na wenzake wakafungua Paa ya Paa mwaka 1965. Mwaka 1995 Kuona ilianza ndani ya makumbusho ya Nairobi, wasanii wakapata mahali pa kufanyia kazi. Yote hayo yalikuwa Nairobi, na nauli mnaijua. Ila shikeni hilo la 1995, kwa sababu wenye makumbusho ya Nairobi ndio wenye makumbusho ya Kariandusi. Kilichowezekana kule hatuoni kwa nini kishindikane hapa.

Tunaomba darasa liwe Jumapili mchana, ili hata aliyetoka zamu ya usiku awe amelala kidogo. Kiingilio kisiwe cha watalii. Vifaa si vingi: karatasi, makaa, udongo wa kufinyanga, rangi chache. Unga mweupe uchimbwao Kariandusi hutumika viwandani katika kutengeneza rangi, na wengi waliouchimba hawajashika brashi hata siku moja! Wanawake waje, na awepo wa kuwatazama watoto, la sivyo litakuwa darasa la wanaume.

Na mwalimu alipwe. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kumwomba mtu kazi ya bure, hata ikiwa kazi yenyewe ni kuchora. Fedha hizo ndizo ngumu kupata, na kamati itataka shauri lenu leo hii kama zitoke katika mfuko wa elimu au tuchangishane.

Karatasi ya majina iko kwa katibu. Tukipata majina 20 tutamwandikia barua mtunza makumbusho. Aliye bado katika gumbaru na hajaweza kuandika jina lake, atie dole gumba.